Dola Moja ya Uanachama: Chama cha Haki za Watu Weusi Marekani Wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi

Waamini wengi katika parokia zetu wanalifahamu jina la Mchungaji Martin Luther King, na wengi wameziona picha za maandamano ya miaka ya 1950 na 1960 nchini Marekani. Ni wachache wanaofahamu kwamba King alipozaliwa, Januari 1929, chama kilichokuja kuandaa njia ya ushindi ule kilikuwa tayari na umri wa karibu miaka 20, na kwamba muda mfupi baadaye kilikaribia kuzama. Katika makala haya tunakitazama chama hicho, kinachojulikana kwa herufi zake NAACP, yaani Chama cha Kitaifa cha Maendeleo ya Watu Weusi, katika miaka ambayo wanachama wake wengi hawakuwa na hata dola moja ya kulipia kadi.

Tunaitaja dola hiyo kwa makusudi. Chama kilianzishwa mjini New York tarehe 12 Februari 1909, baada ya ghasia za mwaka uliotangulia mjini Springfield, Illinois, ambako wazungu walichoma nyumba za majirani zao weusi na kuua watu katika mji uleule alikoishi Rais Abraham Lincoln. Waanzilishi walikuwa weusi na wazungu. Waliamua kwamba mwenye dola moja kwa mwaka awe mwanachama sawasawa na tajiri, ili mpishi wa nyumbani na mbeba mizigo wa reli waweze kukiita chama chao. Matajiri wachache walitoa zaidi, lakini uhai wa matawi ulitegemea dola za maskini. Waswahili husema mnyonge hana haki. Chama hiki kilianzishwa ili neno hilo likanushwe mbele ya mahakama.

Fedha zilipokauka

Oktoba 1929 bei za hisa ziliporomoka mjini New York, ndipo ulipoanza ule unaoitwa Mdororo Mkuu wa Uchumi. Pamba, zao lililobeba maisha ya watu weusi wengi wa kusini, iliuzwa kwa senti 16 hivi kwa ratili mwaka 1929. Mwaka 1932 iliuzwa kwa senti 6 hivi. Familia zilizolima mashamba ya wengine kwa kugawana mazao zilimaliza msimu zikiwa na deni kubwa kuliko zilipouanza. Mijini, kazi ambazo wazungu walikuwa wakizidharau, kama vile kufagia, kubeba mizigo na kupika katika nyumba za watu, sasa zilitafutwa na wazungu wenyewe, na mtu mweusi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuachishwa. Kufikia mwaka 1932 karibu nusu ya wafanyakazi weusi hawakuwa na ajira. Kwa nchi nzima, hata katika mwaka mbaya kuliko yote wa 1933, wasio na ajira walikuwa takriban mtu mmoja kati ya wanne.

Akiba nayo ilipotea. Mjini Chicago benki ya Jesse Binga, mfanyabiashara mweusi na muumini Mkatoliki, ilifungwa Julai 1930 ikiwa na amana za watu wa kawaida waliokuwa wakiionea fahari. Binga mwenyewe alihukumiwa kwa ubadhirifu, akafungwa, na alipotoka gerezani alifanya kazi za usafi na ukarabati katika Parokia ya Mtakatifu Anselm, kwa dola 15 kwa wiki. Tunaitaja habari hii kwa sababu inaonesha jinsi jamii nzima, walio juu na walio chini, ilivyoanguka kwa pamoja. Hapakubaki mtu wa kumkopesha mwenzake.

Hivyo Walter White aliposhika ukatibu mkuu wa NAACP, baada ya James Weldon Johnson kustaafu, alirithi chama chenye heshima kubwa na mfuko mtupu. Wanachama walipungua. Mishahara ya watumishi wa makao makuu ilipunguzwa. Gazeti la chama, The Crisis, ambalo mwaka 1919 liliuza nakala 100,000, sasa halikuweza tena kujiendesha na likaanza kula fedha za chama. Hata msaada uliokuja kutoka nje uliyeyuka njiani. Mwaka 1930 mfuko ulioanzishwa kwa mali ya Charles Garland, kijana aliyekataa kuutumia urithi wake kwa anasa zake, ulikubali kutoa dola 100,000 kwa ajili ya kesi za kupinga ubaguzi. Mali ya mfuko huo ilikuwa katika hisa, hisa zikashuka thamani, na chama kikapata sehemu ndogo tu ya kile kilichoahidiwa.

Ni lazima kukiri kwamba katika hali hiyohiyo chama kilipata ushindi mmoja mkubwa. Mwaka 1930 Rais Herbert Hoover alimteua Jaji John J. Parker kwenda Mahakama ya Juu. Watumishi wa NAACP walichimba katika magazeti ya zamani na kugundua kwamba mwaka 1920, akigombea ugavana wa North Carolina, Parker alikuwa amesema ushiriki wa watu weusi katika siasa ni chanzo cha uovu. Matawi yalituma simu na barua kwa maseneta, vyama vya wafanyakazi navyo vilimpinga kwa sababu zao, na Mei 1930 Seneti ilimkataa kwa kura 41 dhidi ya 39. Chama maskini kilikuwa kimemzuia mteule wa Rais. Lakini wasio na kazi hawali ushindi wa namna hiyo, na swali lililofuata lilikuwa gumu zaidi kuliko la fedha: chama cha haki kina nini cha kumwambia mtu mwenye njaa?

Vijana wa Scottsboro

Machi 1931 vijana tisa weusi walikamatwa Alabama baada ya kushushwa katika treni ya mizigo. Wakati ule maelfu ya watu, weusi kwa wazungu, walidandia treni kama hizo wakitafuta vibarua kutoka mji hadi mji. Wanawake wawili wazungu waliokuwa katika treni hiyo waliwasingizia kwamba wamewabaka, na katika muda wa wiki mbili, mjini Scottsboro, wanane kati yao walihukumiwa kifo. Mdogo kuliko wote hakuwa amefikisha miaka 14.

NAACP ilisita. Viongozi wake walihofia kukiharibia chama jina kwa kesi ya tuhuma nzito namna ile kabla ya kuujua ukweli. Shirika la utetezi wa wafanyakazi lililofungamana na Wakomunisti halikusita. Liliwatembelea wazazi, likaketi nao, likawapeleka akina mama kuzungumza mbele ya umati. NAACP ilipojitokeza wazazi walikuwa wameshachagua, na baadhi ya viongozi wa chama waliwazungumzia kana kwamba umaskini na kutojua kusoma kuliwaondolea haki ya kuchagua nani awatetee watoto wao. Mwanzoni mwa mwaka 1932 chama kilijitoa katika kesi. Novemba mwaka huo Mahakama ya Juu ilizifuta hukumu zile, ikisema vijana hawakupewa utetezi wa kweli, na sifa ya ushindi haikwenda kwa NAACP. Ni mwishoni mwa mwaka 1935 tu chama kilipokubali kuingia katika kamati ya pamoja ya utetezi.

Kwa maoni yetu hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote ya chama hicho katika miaka ile, na halikutokana na uhaba wa fedha. Wale waliokuwa na mazoea ya kuandikiana na maseneta walikuwa wamesahau njia ya kwenda nyumbani kwa mama aliyeajiriwa kufua nguo za watu. Wakosoaji walilichukua jambo hilo wakasema chama ni cha wasomi na waganga wa meno, hakina habari na mkulima wala kibarua.

Shutuma hiyo haikuwa ya haki yote. Desemba 1932 Roy Wilkins, katibu msaidizi wa chama, na mwandishi George Schuyler walivaa nguo za vibarua, wakaenda Mississippi kutafuta kazi katika kambi za kujenga matuta ya kuzuia mafuriko ya mto. Mradi ulikuwa wa serikali kuu, ukitekelezwa na wakandarasi. Waliona watu weusi wakifanya kazi saa 12 kwa siku kwa takriban senti 10 kwa saa, na ujira huohuo ukirudi kwa mwajiri kupitia duka la kambi lililouza kwa bei ya juu. Laiti wangetambuliwa, wasingerudi salama. Taarifa yao ilifikishwa Seneti, na baadaye mwaka 1933 ujira ulipandishwa na saa zikapunguzwa. Mei 1931 Papa Pius XI alikuwa amefundisha katika Waraka wake Quadragesimo anno kwamba mfanyakazi anastahili ujira unaotosha kumtunza yeye na familia yake. Kule kwenye matuta ya Mississippi mafundisho hayo yalikuwa hayajafika.

Rais Franklin Roosevelt alipoingia madarakani mwaka 1933 na mipango yake ya kufufua uchumi, wengi walitarajia nafuu, na nafuu kiasi ilikuja. Lakini fedha zilizolipwa kwa wenye mashamba ili wapunguze kilimo cha pamba ziliwafanya wawafukuze waliolima kwa kugawana mazao. Kima cha chini cha mshahara kilipowekwa, waajiri wengi waliona afadhali kumlipa mzungu. Na Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935, iliyoleta pensheni ya uzee, iliwaacha nje vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa majumbani, yaani zaidi ya nusu ya wafanyakazi wote weusi. Mwanasheria wa chama, Charles Hamilton Houston, alikwenda mbele ya Kamati ya Seneti na kuifananisha sheria hiyo na chekeche ambalo matundu yake yanawatosha watu weusi kupita na kuanguka. Hakusikilizwa. Sheria haikutaja rangi ya mtu yeyote mahali popote, na hapo ndipo ugumu wa kuipinga ulipokuwa.

Mzee Du Bois aondoka

Ndani ya chama, swali la mkate lilimgusa kwa nguvu zaidi W.E.B. Du Bois, mmoja wa waanzilishi na mhariri wa The Crisis tangu mwaka 1910. Kwa miaka mingi alikuwa sauti kali ya kupinga utengano wa rangi. Lakini Januari 1934, akiwa na umri wa karibu miaka 66, aliandika kwamba ubaguzi hautakwisha leo wala kesho, na kwamba wakati wa kuusubiri ufe, watu weusi wajikusanye kwa hiari, wajenge ushirika, maduka na asasi zao wenyewe, wauziane na kununuliana, wasife njaa mlangoni pa watu wasiowataka.

White na wenzake walishtuka. Kesi zote za chama zilisimama juu ya hoja kwamba utengano ni udhalimu kwa asili yake. Mwanasheria wa serikali ya Alabama au Georgia angefurahi kulisoma gazeti la chama mahakamani na kusema, tazameni, hata wao wanautaka. Mei 1934 bodi iliamua kwamba hakuna mtumishi anayelipwa mshahara atakayekikosoa chama ndani ya gazeti lake bila idhini. Du Bois hakuwa mtu wa kuomba idhini. Alijiuzulu katikati ya mwaka huo, akaenda kufundisha Atlanta, na Wilkins akalichukua gazeti.

Wanahistoria bado wanabishana nani alikuwa na haki. Sisi tunaona kwamba kila mmoja alikuwa akijibu swali tofauti. Du Bois alijibu la leo jioni tutakula nini, White alijibu la watoto wetu watasoma wapi miaka 20 ijayo. Mdororo ulikuwa umeondoa fedha ambazo zingekiwezesha chama kuyajibu yote mawili. Kama The Crisis lingekuwa bado linajitegemea, huenda mzee yule asingewekewa masharti.

Swali hilohilo ndani ya Kanisa

Kanisa Katoliki la Marekani halikuwa limesimama pembeni ya mambo haya kama mtazamaji asiye na doa. Seminari nyingi hazikuwapokea vijana weusi, na katika parokia nyingi waamini weusi walikaa viti vya nyuma. Thomas Wyatt Turner, mwana wa wakulima wa kugawana mazao wa Maryland, Mkatoliki tangu utotoni na msomi wa kwanza mweusi kupata shahada ya udaktari katika elimu ya mimea, alikuwa mwanachama wa NAACP tangu siku zake za mwanzo. Mwaka 1924 yeye na waamini walei wenzake waliunda shirikisho la Wakatoliki weusi ili kudai, ndani ya Kanisa lao wenyewe, shule, seminari na heshima.

Mapadre wawili Wayesuiti, John LaFarge na William Markoe, walijiunga kulisaidia, na tunasadiki kwamba walikuwa na nia njema. Lakini wao walitaka shirikisho liwe la weusi na wazungu kwa pamoja, kwa ajili ya maelewano kati ya rangi, ilhali Turner alishikilia kwamba wanaoonewa ndio wanaopaswa kuongoza na kusema kwa kinywa chao. Mwaka 1932 jina la shirikisho lilibadilishwa, Turner akaondolewa katika uongozi, na chombo kikagawanyika. Padre LaFarge aliendelea, akaanzisha mwaka 1934 Baraza la Kikatoliki la mahusiano ya rangi mjini New York. Kitabu chake cha mwaka 1937 kilimfikia Papa Pius XI, ambaye Juni 1938 alimwita na kumpa kazi ya siri ya kuandaa waraka dhidi ya ubaguzi wa rangi. Papa alifariki Februari 1939 na waraka haukutolewa. Turner naye aliliendesha tawi lililobaki naye kwa miaka mingi, akiwa na watu wachache na fedha chache. Alifariki mwaka 1978 akiwa na umri wa miaka 101.

Baltimore

Kilichokiokoa chama hakikutoka kwa matajiri. Kwa sehemu kubwa kilitoka kwa wanawake. Daisy Lampkin wa Pittsburgh alizunguka mji hadi mji akiyafufua matawi yaliyolala, akizungumza makanisani Jumapili na kukusanya dola moja moja, na pale dola ilipokosekana, senti. Mjini Baltimore, jimbo mama la Kanisa Katoliki Marekani, binti mmoja, Juanita Jackson, aliwakusanya vijana wasio na kazi kila wiki tangu mwaka 1931, na mwaka 1933 vijana hao wakasaidia kugomea maduka yaliyowauzia watu weusi bila kuwaajiri. Maduka kadhaa yalisalimu amri. Mwaka 1935 mama yake, Lillie Carroll Jackson, alichukua uenyekiti wa tawi la NAACP lililokuwa karibu kufa, akaligeuza kuwa moja ya matawi makubwa nchini. Hapo mkate na haki vilikuwa vimekutana bila makala ndefu wala kujiuzulu kwa mtu.

Mjini humohumo Houston alifungua kesi yake ya mafanikio. Mwanasheria huyu, aliyekuwa kiongozi wa Shule ya Sheria ya Howard, alikuwa amesafiri kusini kwa gari akiwa na kamera ya filamu, akipiga picha za vibanda vilivyoitwa shule za watoto weusi. Alifahamu kwamba fedha alizonazo hazitoshi kupigana kila mahali, hivyo alichagua mahali pamoja. Tangu mwaka 1896 Mahakama ya Juu ilikuwa imeruhusu watu watenganishwe mradi huduma ziwe sawa. Maryland ilikuwa na shule moja tu ya sheria ya serikali, na ilimkataa Donald Murray, kijana mweusi mwenye shahada. Houston hakuiomba mahakama ifute utengano. Aliuliza tu shule iliyo sawa iko wapi. Juni 1935 jaji aliamuru Murray apokewe, na Januari 1936 Mahakama ya Rufani ikakubali. Pembeni ya Houston alisimama wakili kijana wa Baltimore, Thurgood Marshall, ambaye ofisi yake haikumpatia hata kodi ya pango katika miaka ile ya ukata. Mdororo, uliokuwa adui wa chama, hapa ulikisaidia, kwa sababu serikali ya jimbo haikuwa na fedha za kujenga shule ya pili.

Jambo moja halikufanikiwa, nalo ndilo lililokiumiza chama kuliko mengine. Mauaji ya watu weusi mikononi mwa makundi ya wazungu, bila hukumu yoyote, yaliongezeka tena katika miaka ya shida. White alifanikiwa kuufikisha muswada wa kuyazuia Baraza la Wawakilishi, na Aprili 1937 ulipita kwa kura 277 dhidi ya 120. Maseneta wa kusini waliuzuia mwanzoni mwa mwaka 1938 kwa kuhutubia zamu kwa zamu, wiki baada ya wiki, ili kura isipigwe. Rais Roosevelt hakuutetea hadharani, kwani alihitaji kura za maseneta haohao kwa mipango yake ya uchumi. Nje ya dirisha la ofisi ya chama, katika Barabara ya Tano mjini New York, bendera nyeusi ilitundikwa kila ilipofika habari ya mauaji mapya, ikiwatangazia wapita njia kwamba jana mtu ameuawa. Mwaka 1938 iliondolewa, baada ya chama kutishiwa kunyimwa pango la ofisi.

Sheria yenyewe ilitiwa saini Machi 2022.